Nyumba ya kununua Mwanza: hati ya miaka 99, ya miaka 33, ofa au karatasi ya mtaa?

Swali la kwanza la dalali kwa anayetafuta nyumba Mwanza ni lile lile kila mara: unataka yenye hati au isiyo na hati? Swali limefupishwa mno. Kati ya hati miliki kamili na karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa kuna ngazi kadhaa, na nyumba mbili zinazotazamana Nyamanoro au Mkolani zinaweza kuwa kwenye ngazi tofauti kabisa. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama benki itakusikiliza, kama utaweza kuiuza tena kwa bei nzuri, na kama watoto wako watairithi bila kesi.

Kwanza tuondoe tumaini moja. Umiliki wa ardhi usio na ukomo, ule ambao ndugu zetu wa Kisumu wanao kwa baadhi ya viwanja na Waganda wanao ng'ambo ya ziwa pamoja na mailo yao (aina ya umiliki wa kudumu wa huko), haupo kwenye viwanja vya mjini Tanzania. Ulikuwepo. Mwaka 1963 sheria iliugeuza kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99 kuanzia 1 Julai 1963, na baadaye upangaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki kwa muda uliobaki. Ndiyo maana ukikuta jengo la zamani katikati ya mji ambalo ardhi yake ilikuwa ya namna hiyo, muda wake unaelekea kuisha katikati ya mwaka 2062. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imebaki na msingi huo huo: ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na raia hupewa haki ya kuitumia kwa muda. Asiye raia hamiliki hata kwa namna hiyo. Hupata ardhi kwa uwekezaji tu, kwa utaratibu wake.

Kwa hiyo ukinunua nyumba unanunua vitu viwili: jengo, na miaka iliyobaki juu ya ardhi iliyolibeba. Watu hukagua bati, nyufa na tanki la maji kwa makini sana, kisha hiyo miaka hawaisomi.

Hati kwa hati: 99, 66 au 33

Hati miliki hutolewa kwa kipindi kisichozidi miaka 99, na vipindi vya kawaida ni 33, 66 na 99. Muda hauhesabiwi kuanzia siku uliyonunua wala siku hati ilipochapishwa. Unahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa ndani ya hati, ambayo mara nyingi iko nyuma ya siku ya kuchapishwa. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1 Julai 1995 inaisha 30 Juni 2028, hata kama muuzaji aliichukua ofisini miaka mingi baadaye na inang'aa kama mpya.

Hati ya miaka 33 si mbaya yenyewe. Ubaya ni kulipa bei ya miaka 99 kwa miaka 5 iliyobaki. Benki inayokopesha kwa miaka 15 haitakubali dhamana itakayokwisha muda kabla ya mkopo, na mnunuzi utakayemuuzia kesho atasoma tarehe ile ile. Muda ukikaribia kuisha mmiliki huomba kuongezewa, na aliyetimiza masharti ana hoja yenye nguvu. Aliyeyakiuka ana tatizo. Masharti yanayovunjwa zaidi mjini ni matatu: pango la ardhi halijalipwa kwa miaka, jengo lilijengwa bila kibali cha ujenzi cha halmashauri, na matumizi yamebadilishwa kienyeji. Hili la tatu ni la kuangalia sana kandokando ya barabara za Kirumba na Nyakato, ambako nyumba ya kuishi imezungushiwa fremu za maduka au imekuwa gesti huku hati bado inasema makazi.

Ushauri wetu ni huu: ikiwa imebaki chini ya miaka 20, mwambie muuzaji aanzishe maombi ya kuongeza muda kabla hujalipa, au punguza bei na uandike kwenye mkataba nani atabeba gharama hiyo. Ikiwa imebaki miaka 40 na kuendelea, usibabaishwe na tofauti ya 66 na 99. Kwa mtu anayenunua pa kuishi, eneo na mipaka vina uzito zaidi.

Nyumba za ghorofa zinazouzwa kipande kwa kipande zina sheria yake ya mwaka 2008, na hapo unapata hati ya sehemu yako pamoja na hisa katika ngazi, paa na uwanja. Uliza deni la matunzo ya pamoja kabla ya kitu kingine.

Ofa si hati, lakini si karatasi ya bure

Barua ya toleo, ambayo wengi wanaiita ofa, ni serikali ikimwambia mtu: tumekupangia kiwanja namba fulani, kitalu fulani, lipa ada hizi na ukubali masharti haya. Viwanja vingi vya miradi ya halmashauri, Kiseke, Buswelu na kwingineko, vimekaa kwenye ofa muda mrefu kwa sababu wenyewe walijenga wakahamia bila kumalizia hati.

Uzuri wa ofa ni kwamba kiwanja kimepangwa na mara nyingi kimepimwa, kwa hiyo safari ya hati ni fupi. Hatari zake ni mbili. Ya kwanza ni deni. Ofa ya mwaka 2008 ambayo haikumaliziwa inaweza kuwa na pango la ardhi linalodaiwa tangu tarehe ya kuanza, pamoja na adhabu, na utakayekwenda kuomba hati ndiye utakayewekewa mbele yako hesabu hiyo yote. Ya pili ni kiwanja kimoja kuwa na ofa mbili. Ofa haiko kwenye daftari la Msajili wa Hati kama hati ilivyo. Iko kwenye jalada la ofisi ya ardhi ya halmashauri. Usiridhike na nakala ya muuzaji. Nenda Jiji kama nyumba iko Nyamagana, au Manispaa kama iko Ilemela, omba jalada la kiwanja hicho litazamwe na uone jina la nani limo ndani.

Ikiwezekana, muuzaji amalizie hati kwa jina lake kisha akuhamishie. Ni polepole, lakini unanunua kitu kilichosajiliwa. Akikataa kwa sababu ya gharama, gharama hiyo itolewe kwenye bei, kwa maandishi.

Vilima: leseni, urasimishaji na karatasi ya mtaa

Mabatini, Igogo, sehemu za Kirumba, Isamilo ya juu, Kilimahewa: huku nyumba zimepanda kwenye mawe kabla ramani haijapanda. Ndiko bei zinakovutia zaidi, na ndiko tofauti ya nyumba na nyumba ni kubwa kuliko mahali pengine popote mjini.

Leseni ya makazi ni kibali cha muda mfupi kinachotolewa na mamlaka ya mji kwa mtu aliyejenga mahali pasipopimwa. Inamtambua mkaaji na inamlinda asiondolewe kiholela, lakini ina miaka michache tu na lazima ihuishwe. Inayouzwa ikiwa imekwisha muda ni kumbukumbu tu kwamba mtu aliwahi kutambuliwa.

Urasimishaji ni jambo jingine. Mtaa mzima unachorewa mchoro wa mipango miji, wananchi wanakubaliana kuacha njia, wapimaji wanaweka bikoni (nguzo za mipaka), halafu kila mmoja anaomba hati yake. Muuzaji akisema "hapa tumerasimishwa", muulize imefika hatua gani, kwa sababu neno hilo hutumika kwa hatua zote. Mchoro ukiwa umeidhinishwa na ramani ya upimaji imeidhinishwa, una kiwanja chenye namba na hati inaombwa. Mchoro ukiwa bado, mtaa umechangishwa fedha tu. Na hata mchoro ukiwa tayari, tazama nyumba yenyewe imeangukia wapi ndani yake: ipo kwenye kiwanja, au njia mpya ya mita kadhaa inakata jiko na choo? Miteremko mikali, chini ya majabali yanayoning'inia na mikondo ya maji ya mvua huachwa nje ya viwanja. Nyumba iliyo hapo haitapata hati jirani zake watakapopata, na kuchangia fedha hakutabadilisha hilo.

Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa inathibitisha jambo moja: kwamba watu hawa waliuziana mbele ya mashahidi hawa siku hii. Haithibitishi kuwa muuzaji ndiye mwenye mali. Mwenyekiti si ofisa ardhi, na ile asilimia 10 ambayo baadhi ya mitaa hudai haimo katika Sheria ya Ardhi. Hata hivyo haina maana kwamba nyumba hiyo ni haramu. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1994 kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na mtu asiye na hati anaweza kudai fidia ardhi yake ikitwaliwa. Udhaifu wa karatasi ya mtaa uko kwenye ushahidi: kuna kazi kubwa ya kuthibitisha, na kazi hiyo utaifanya wewe, kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, wakati muuzaji keshahamia Geita.

Ukiamua kununua kwa karatasi hiyo, ifanye nzito. Mkataba uandaliwe na wakili na ulipiwe ushuru wa stempu, maana usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi. Uwe na mchoro wa kiwanja wenye vipimo kwa mita kila upande na alama za eneo zilizochukuliwa na mpimaji mwenye leseni, saini za majirani wote wanne, na mnyororo wa mauzo ya nyuma: nani alimuuzia nani, lini, karatasi ziko wapi. Mwenza wa muuzaji asaini. Sheria inataka ridhaa yake kwa nyumba ya familia, na kesi za mke aliyekuta nyumba imeuzwa hazijawahi kwisha. Kama nyumba ni ya marehemu, omba barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kikao cha ukoo kilichoandikwa kwenye daftari hakimpi mtu mamlaka ya kuuza.

Usagara, Kisesa na pembezoni: hati ya kimila

Tangu reli ya kisasa ianze kujengwa kuelekea Isaka na daraja la Kigongo hadi Busisi kufunguliwa mwaka 2025, ardhi ya upande wa Misungwi inatafutwa sana. Penye ardhi ya kijiji utakuta hati ya haki miliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Kwa mwanakijiji inaweza kutolewa bila ukomo wa muda, na kwa maana hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na umiliki wa milele. Lakini ina lango lake: asiye mwanakijiji hawezi kuipokea bila kibali cha halmashauri ya kijiji, na mauzo yaliyofanywa bila kibali hayahamishi kitu. Mwenyekiti wa kijiji peke yake si halmashauri ya kijiji; omba muhtasari wa kikao wenye mahudhurio na saini. Eneo likitangazwa kuwa la mipango miji, hati hii haijigeuzi. Panapimwa upya, na kipande cha kiwanja chako kinaweza kwenda kwenye barabara.

Kwa ufupi wa kulinganisha:

| Karatasi | Muda | Benki | Inathibitishwa wapi |
|---|---|---|---|
| Hati miliki | 33, 66 au 99, toa miaka iliyopita | Inakubalika | Msajili wa Hati |
| Ofa | Uliotajwa kwenye barua | Kwa shida | Jalada la halmashauri |
| Leseni ya makazi | Miaka michache, huhuishwa | Mikopo midogo, si kila mahali | Halmashauri |
| Hati ya kimila | Inaweza kuwa bila ukomo | Baadhi tu | Masjala ya kijiji na wilaya |
| Karatasi ya mtaa | Haina | Hapana | Kwa mashahidi |

Mambo yanayoishinda karatasi yoyote

Hapa ndipo wanunuzi wa kando ya ziwa wanapoumia, na tunaomba usome pole pole.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Nyumba nzuri yenye upepo wa Bwiru, Luchelele au Kayenze inaweza kuwa ndani ya mita hizo, na mita hazipimwi kwa hatua za dalali msimu wa kiangazi. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kufikia kiwango cha mafuriko ya mwaka 1964, na maji yakaingia kwenye nyumba zilizodhaniwa ziko mbali. Waulize wazee wa eneo maji yalifika wapi mwaka ule, kisha mpimaji aanzie hapo. Katazo hilo hilo linahusu kingo za Mto Mirongo. Korongo ambalo Agosti ni kavu, Aprili linabeba mawe.

Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Kabla yake ilikuwa mita 22.5. Nyumba za kandokando ya barabara ya Shinyanga kupitia Buhongwa na barabara ya Musoma kupitia Igoma zipimwe kwa futi kamba kuanzia katikati ya lami. Aliyejenga nje ya hifadhi ya zamani kisha sheria ikamfuata ana hoja ya fidia. Aliyeingia baadaye ndani ya hifadhi ana alama ya X nyekundu, ya kubomolewa.

Fidia ya kutwaliwa ardhi, ukistahili, huhesabu thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, kodi ya nyumba ya miezi 36 na usafirishaji wa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20. Kwa aliyeingia ndani ya hifadhi au mita 60, hata mkataba wa wakili bora hauleti hizo.

Kwenye vilima ongeza ukaguzi wa mwili wa nyumba. Je, shimo la choo lilichimbika au limekomea kwenye jabali na linafurika? Kuna mtandao wa majitaka wa MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, karibu? Gari la mchanga linaishia wapi, na kuanzia hapo kila ndoo inapandishwa kwa kichwa kwa bei gani? Ukarabati wa nyumba isiyofikiwa na gari unaweza kula nafuu yote uliyoipata kwenye bei.

Gharama, kwa nyumba ya shilingi 80,000,000

Yenye hati: ushuru wa stempu ni takriban asilimia 1, yaani kama 800,000. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Aliyenunua na kujenga kwa 50,000,000 akauza kwa 80,000,000 anadaiwa 3,000,000, akiwa na risiti za kuthibitisha hizo 50,000,000. Kodi hiyo ni ya muuzaji, lakini bila kulipwa uhamisho haukamiliki, hivyo muuzaji mjanja huchukua fedha yote na kukuachia. Iandike kwenye mkataba na ikatwe kwenye malipo yake. Kumbuka pia kwamba mthamini anaweza kuweka thamani ya juu kuliko bei mliyokubaliana. Juu yake kuna ada za uthamini, kibali, usajili na wakili.

Isiyo na hati inaonekana nafuu siku ya kununua. Weka kando gharama ya upimaji, mchango wa urasimishaji, ada ya hati na muda wa kusubiri, kisha linganisha tena.

Kodi ya jengo haibagui. Inakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu mwaka 2023, iwe na hati au isiwe nayo. Kwa hiyo risiti ya LUKU yenye jina la muuzaji haithibitishi umiliki, hata akikuonyesha za miaka mitano.

Mpangilio wa kulipa

Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ukiwa na namba ya hati, na ulipie kwa kontrol namba. Majibu yataonyesha jina, rehani na zuio lolote. Kisha taka kuiona hati halisi kwa macho. Upekuzi safi hautoshi, kwa sababu wapo wakopeshaji wa mtaani wanaoshikilia hati ya mtu kabatini bila kusajili chochote. Daftari la serikali litakuwa safi na hati itakuwa mikononi mwa mtu mwingine. Muuzaji anayesema hati imepotea apitie utaratibu wa kutangaza na kupata nyingine kwanza.

Mpimaji asimame na wewe kwenye bikoni zote na kulinganisha na ramani ya hati. Uzio kuvuka bikoni ni jambo la kawaida sana, na jirani akikaa kwenye kipande chako miaka 12 bila kudaiwa, sheria ya ukomo inaanza kumsaidia yeye.

Malipo ya awali yasizidi asilimia 10 hadi 20, baada ya upekuzi. Sehemu kubwa itoke pale fomu za uhamisho na risiti ya kodi zinapokuwa mezani kwa wakili, kwa benki na si taslimu. Bakiza kiasi kidogo hadi jina lako liingie kwenye daftari. Pango la nyuma lilipe mwenyewe kwa kontrol namba na ulikate kwenye bei, usimpe muuzaji akalipe.

Nani achukue ipi

Anayetegemea mkopo wa benki hana mjadala: hati, yenye muda unaozidi mkopo wake kwa miaka mingi. Anayenunua kwa fedha yake pa kuishi na familia tungempeleka kwenye ofa iliyokaguliwa jalada, Kiseke au Buswelu, kabla ya kumpeleka kwenye nyumba kubwa zaidi isiyopimwa. Nyumba ya kilimani kwa karatasi ya mtaa inafaa kwa masharti matatu kwa pamoja: mchoro umeidhinishwa, nyumba imo ndani ya kiwanja, na bei imeshuka vya kutosha kulipia safari ya hati. Likikosekana moja, acha. Hati ya kimila inamfaa anayehamia kijijini kweli na kukubalika na kijiji. Anayenunua ekari ili auze zikipanda bei anajitafutia mgogoro wa miaka. Na nyumba ya ndani ya mita 60 usiinunue kwa karatasi yoyote ile, hata iwe hati yenye muhuri wa lakiri, mpaka mamlaka ya mazingira ikupe jibu lake kwa maandishi.

Ukishahamishiwa, badilisha jina kwenye akaunti ya pango la ardhi, LUKU na maji ndani ya mwezi huo huo, na nakala ya hati ihifadhiwe nje ya nyumba hiyo.